Kitoto cha Panya Nilichokihamisha

Mama, sasa hivi mjukuu wako Gaudensi amenipokonya kalamu, akaidumbukiza kwenye ndoo ya sabuni, akacheka peke yake. Nimeifuta kwa kanga. Shikamoo Mama. Mguu umepata nafuu? Na mihogo ya Chiwanda mmeshaing'oa? Sisi huku Morogoro mwili ni mzima, ila moyo wangu haujatulia tangu juzi.

Nilikwambia naosha vizimba vya panya weupe kwa Daktari. Najua Mjomba atasema panya wote hao na hakuna hata mmoja aliyebanikwa. Kila kizimba kina gurudumu, panya anapanda anakimbia, mashine inahesabu mizunguko. Wengine ni ukoo wa wakimbiaji, wengine ukoo wa wavivu. Daktari anataka kujua kama kukimbia ni damu, au ni malezi ya aliyekunyonyesha.

Juzi asubuhi nilikuta kitoto kimoja kimetupwa nje ya kiota, hakina hata manyoya, kimepoa kabisa. Mama yake mkimbiaji hakitaki. Nikakipasha moto kiganjani, nikakiweka kwa jirani yake mvivu mwenye maziwa, akakipokea. Nilifurahi, Mama. Si ndivyo ilivyokuwa kwangu ulipolazwa, Mama Mdogo wa Lipingo akaninyonyesha pamoja na Otmari wake? Nani aliuliza huyu ni wa nani?

Nilipomsimulia Dada Neema, tunayefanya naye kazi, aliacha kufagia.

"Anjela, hiyo ndiyo kazi yenyewe hapa. Nani kazaa, nani kalea, yote yako kwenye kadi ya kizimba. Umewachanganya."

Kadi ya yule mvivu inasema watoto saba, wao sasa wako wanane, na wote wekundu vilevile, huwezi kujua yupi ni yupi. Akaninong'oneza nitoe mmoja yeyote nimtupe, hesabu ikae sawa. Nimefungua kizimba mara mbili, nikakifunga tena. Nikitoa, nitaua, na pengine si yule. Nisipotoa, leo Daktari anahesabu. Akinifukuza, na chumba hiki tunacholala ni cha kazi, nitakwenda wapi na mtoto?

Namtazama Gaudensi anavyoparamia kila kitu, baba yake mtupu, yule asiyekaa mahali. Najiambia nikimlea vizuri atatulia. Ningependa kumuuliza Daktari kama malezi hushinda damu, ikiwa bado atataka kusema na mimi.

Msalimie Mama Mdogo, na Otmari ndugu yangu wa kunyonya, na Mjomba aliyeko Mbamba Bay. Mniombee Jumapili kanisani. Nimeamua nitasema mwenyewe kabla hajafungua kizimba. Nitamwambia, Daktari, sikujua, kwetu mtoto mwenye njaa hupewa aliye karibu, nipe adhabu yoyote lakini usinitoe. Ngoja Mama, ananiita kutoka kwenye chumba cha vizimba. Namfunga mtoto mgongoni, naenda, na kama atanifukuza, barua hii nitakuletea mwenyewe.