Mume Wangu Analichomoa Friji Lenye Maziwa ya Mtoto

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unishike mkono maana mwenzio nimefika pabaya na Jumamosi inakuja.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya, nimerudi kazini kwenye karakana ya kushona sare, kwa hiyo asubuhi nakamua maziwa, naweka kwenye friji na mama mkwe anampa mchana kwa kikombe, na mtoto alinawiri mpaka majirani wakamwita Bonge. Shida ni baba yake. Ni mhudumu wa hoteli, mtu mwema, hanipigi, hanywi, lakini mita ya umeme ikianza tu kulia kwamba uniti zinaisha anageuka mtu mwingine, anashika mgongo wa friji, anasema, "Unaona linavyochemka? Linakula mpaka linatoka jasho," halafu analichomoa kimyakimya anakwenda zake kazini.

Juzi mama mkwe hakujua, akampa mtoto maziwa yaliyoshinda kwenye joto, Bonge akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, nikamkimbiza zahanati nikilia njia nzima. Amepona, nashukuru. Basi nikadhani mwenzangu amejifunza, kumbe anasema dawa ni kuliuza, mnunua vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Mama yake akamwambia, "Wewe ulinyonya mpaka unakimbia, kuna aliyekuchomoa?" Akacheka, ila hakubadilika.

Mimi nilijaribu, nilinunua taa ya LED ya wati tisa nikaifunga sebuleni, akaigusa akasema, "Taa isiyochoma mkono ni taa hiyo? Wati tisa, tuko kaburini?" Akarudisha balbu yake ya wati mia. Sasa niache kazi, au nilifiche friji kwa jirani? Nampenda, na najua ataelewa, ila sijui nianzie wapi.

Mama Bonge

*

Mama Bonge, marahaba, na pole.

Nikukaripie kwanza. Ulijua friji linachomolewa, hukumwambia mama mkwe alichunguze kabla ya kumnywesha mtoto. Kuanzia leo, chupa ikikutwa imepata joto, maziwa yamwagwe. Usiyaonee huruma. Kazi usiache. Friji usilifiche, ukianza na friji, kesho utaficha nini?

Mumeo si mjinga. Mkono wake unasema kweli, ila anausikiliza nusu. Kwenye taa, kinachochoma ndicho kinachokula bure: ile balbu yake inapasha dari joto, sisi tunabakiziwa makombo ya mwanga. Wati ni ulaji, si mwanga. Na mbona pasi hukuitaja? Mhudumu wa hoteli haendi kazini na shati lililokunjamana. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga je, mnayo? Hao ndio fisi wa nyumba.

Friji nalo lina lake. Kama limebanwa ukutani au liko jirani na jiko, lisogeze lipumue. Bana karatasi kwenye mlango wake. Ikitoka bila kung'ang'ania, mpira umechoka, mwite fundi aubadilishe. Friji lenye mpira mbovu halipumziki hata dakika.

Halafu usingoje Jumamosi. Akirudi kesho, zimeni kila kitu, mwite kwenye mita aangalie kile kitaa chekundu, kinachopepesa haraka zaidi kadiri umeme unavyoliwa. Washeni friji peke yake, lingojeni lingurume, ahesabu kinavyopepesa. Lizimeni, chomekeni pasi. Kisha balbu yake, kisha taa yako. Wewe funga mdomo. Usiseme "nilikwambia". Mwanaume akishindwa na mita atacheka. Akishindwa na mke mbele ya mama yake, hapo mmeanza vita. Akitaka sana cha kuchomoa asubuhi, mpe pasi, na nguo za wiki nzima zinyooshwe siku moja.

Mnunua chuma akija hata hivyo, hapo ndipo useme, tena kwa sauti ya chini: friji litatoka siku Bonge atakapoacha kunyonya. Kisha mpe mtoto ampakate. Mkono unaojua kupima mgongo wa friji upime na paji la mwanawe.