Kisu cha Baba na Majivu ya Jikoni

Kabul, Alhamisi

Kaka yangu Ghorzang,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Logar, goti limetulia na matufaha yamekubali mwaka huu. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la hapa dukani kwangu kwa visu vya kale, nacho tumeshazoeana.

Binti yako Palwasha alifika Jumatatu na kisu cha Baba, kakifunga gazetini pamoja na jibini. Shemeji Zarmina kaagiza nikitie mpini wa mbao, kwa kuwa ule wa pembe umelegea na kisu cha vitunguu hakihitaji makuu. Nikamwuliza mnakisafishaje. Akasema kila Ijumaa mama yake hukisugua kwa majivu na limau mpaka king'ae kama sahani. Nilipoguna akanicheka: "Ami, kwani si wewe uliyesema ni cha sokoni?"

Nikang'oa mpini. Chuma cha visu vya kale huwa na mawimbi ndani yake; mafundi waongo huyachora kwa tindikali juu ya chuma cha kawaida, na uongo wao huishia pale mpini unapoanzia, maana nani atachungulia ndani? Katika kisu cha Baba mawimbi yanaingia mpaka mkiani, ile ncha inayojificha ndani ya mpini, meusi, matulivu. Majivu ya shemeji hayakufika huko. Lakini bapani rangi ya miaka zaidi ya mia imekwisha, na jiwe la kunolea limekula upana wa kidole kizima.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni miaka saba. Sikuhitaji kung'oa mpini. Siku ya arobaini ya Baba, uliponipa kisu mbele ya wageni nikikague, nilikijua tangu kilipogusa kiganja. Ni halisi, ni kilekile cha babu. Ila Baba alikuachia wewe mkulima, akaniruka mimi niliyeifanya kazi hii maisha yangu yote. Wivu ulinishika, nikasema ni bandia, kazi ya soko la Peshawar. Watu wakacheka. Wewe ulisema tu, "Mjuzi kasema," ukampa mkeo akakatie nyama. Hukubisha hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nimeukaza mpini uleule wa pembe. Barua hii naomba isomwe mbele ya wageni wa siku ile, waliobaki hai. Nisamehe, kaka, ukiweza.

Mwambie shemeji hana kosa, ila asikisugue tena. Akipake mafuta kidogo, basi. Weusi wake utarudi polepole. Mimi na wewe hatutauona, labda wajukuu wa Palwasha.

Nawasalimu nyote, mkubwa kwa mdogo.

Mdogo wako,
Torialai