Mama, Nilikuambia Gari Litafika Naitiri

Kwako Mama, unayepumzika kando ya nyumba yako pale Kanduyi,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote nimechana karatasi. Nikiandika habari za watoto inatiririka vizuri. Nikifika kwenye gari, mkono unakuwa mzito. Leo ninaanzia hapo hapo kwenye gari.

Unakumbuka lilivyoanza. Mama Mkubwa Nasimiyu, dada yako uliyelelewa mgongoni mwake, alipata kiharusi na hakutoka tena kitandani kwake Naitiri. Wewe nyonga ilikuwa imeanza kukusumbua. Ulikuwa unakaa upande nyuma ya bodaboda, ukishikilia kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, ili umwone dada yako kila mwezi. Nafula alikuja likizo kutoka Nakuru, akakuona unashuka hivyo, akalia. Yeye na Wekesa wa Mombasa wakakubaliana tuchange wote watatu tununue gari la kukupeleka. Mimi niliyekuwa karibu, hapa Kitale, nilipewa kazi ya kuchagua. Nafula aliniambia kwa simu, "Barasa, angalia vizuri. Hiyo ni miguu ya Mama."

Kwenye yadi ya kuuzia magari kulikuwa na mawili tuliyoweza kuyamudu. Moja lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, ndefu kwenda juu, mlango wa dereva umebonyea na viti vyake vimenyooka kama mabenchi ya kanisa. La pili lilikuwa lile la rangi ya fedha, gari la familia lenye buti nyuma, lililotoka Japani likiwa bado linanuka upya. Mkubwa wangu wa ofisi alikuwa na mfano wake. Nilipokaa ndani na kufunga mlango, makelele yote ya Kitale yalibaki nje. Naona niliamua hapo, Mama, kabla ya kuwasha injini.

Lakini nilijifanya ninalipima. Mwenye yadi aliniachia kwa wiki nzima, nami nikaliendesha kama mtu mwenye busara. Asubuhi za baridi liliwaka mara moja. Nilipeleka watoto shule, nikaenda ofisini, nikapakia magunia mawili ya mahindi kwenye buti na bado likafunga. Nikaja nalo Bungoma kupitia Webuye, lami yote, na petroli ikashuka kidogo tu. Kwenye kona lilitulia. Breki zilishika bila kuvuta upande. Kila jioni niliandika niliyoyaona, maana mimi ni karani na napenda mambo ya karatasi.

Fundi Abdalla, yule mzee mwenye gereji karibu na msikiti, alilala chini yake siku nilipompelekea alikague. Alitoka akijipangusa magoti.

"Injini ni safi, bana," aliniambia. "Lakini hii ni gari ya lami. Iko chini sana. Wewe unataka kuipeleka wapi?"

"Naitiri."

"Naitiri wakati wa mvua? Si uchukue ile nyeupe. Mama yako hata kuingia itakuwa rahisi."

Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria.

Jumamosi hiyo nilikuja nyumbani ulione. Ulilizunguka polepole, ukaligusa kwa kiganja kama unavyogusa ng'ombe wa mtu. Ukaingia mbele, na ikabidi nikushike kwapani ili ukae. "Hii kiti inanimeza," ulisema ukicheka, halafu uso ukajikunja kidogo nyonga ilipouma. Niliuona uso ule. Kisha ukaniuliza swali moja tu, ukitazama mbele kwenye kioo.

"Hii gari itafika Naitiri?"

"Itafika, Mama."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

Siku iliyofuata niliwaandikia Nafula na Wekesa kurasa mbili, nimezipiga taipu ofisini. Niliandika juu ya injini, mafuta, breki, buti, utulivu wake barabarani. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na ndani ya ukweli huo wote niliuficha uongo wangu. Maneno ya Fundi Abdalla sikuyatia. Mwisho niliandika, "Mama amelipenda."

Wakati wa kiangazi tulienda mara mbili. Tukiacha lami pale Kamukuywa tu, tumbo la gari linaanza kukwaruza mawe, nawe unashika dashibodi. Mama Mkubwa alikuwa anakusubiri, upande mmoja wa uso umelala, ule mwingine unacheka. Mlikuwa mnashikana mikono mnaongea habari za watu niliowajua kwa majina tu. Nilikuwa nakaa nje, nikilifuta gari vumbi.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mvua za Aprili. Binamu aliyekuwa akimuuguza Mama Mkubwa alipiga simu kwamba ameacha kula na anakuita kwa jina. Nilifika Kanduyi nikakukuta umeshavaa, umekaa kwenye kiti cha barazani na kikapu cha ndizi mbivu miguuni, kwa sababu zilikuwa laini na labda angeweza kuzimeza.

Tulitoka kwenye lami na hatukwenda mbali. Malori yalikuwa yamechimba njia mbili ndefu kwenye udongo mwekundu na kuacha tuta katikati. Nilijaribu kupita juu ya tuta, gari likateleza, magurudumu yakaingia kwenye mashimo na tumbo likalala juu ya udongo. Nilikanyaga mafuta, likalia tu. Watu walikuja kutoka shambani, wakasukuma, wakanyanyua. Mmoja alisema, "Si hii ni ya kwenda ofisi, bana!" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao.

Tukiwa bado tumekwama, stesheni wagoni ilitupita. Ilikuwa ya kijani, imejaa watu mpaka nyuma, mtu mwingine ananing'inia mlangoni. Ilipita kwenye matope yale polepole, ikiyumba, haikusimama hata mara moja, ikapanda kilima kuelekea Naitiri. Wewe uliitazama mpaka ikapotea. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, na ulipogeuka niliinamisha macho.

Ulifungua mlango ukasema utatembea. Ulipiga hatua labda ishirini, kikapu mkononi, viatu vyako vya kanisani vikizama. Kisha ukasimama katikati ya barabara, mkono kwenye nyonga, na hukuweza kwenda mbele wala kurudi. Nilikuja nikakubeba. Mama, ulikuwa mwepesi. Sikujua ulikuwa mwepesi kiasi hicho.

"Tugeuze," ulisema.

Walilisukuma gari hadi likaelekea tulikotoka. Ndizi ulimpa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Tulipofika kwenye lami nilitafuta la kusema.

"Pole, Mama. Ni mvua."

"Ni mvua," ulinijibu.

Mama Mkubwa alifariki Jumatatu. Binamu alituambia kwamba tangu Jumamosi, kila mlango ulipofunguliwa, aliuliza kama ni wewe. Tulienda mazishini kwa lori la kukodi, wewe ukikaa mbele na dereva, na ukafika ukiwa umenyooka. Kaburini hukulia kwa sauti. Ulirudia jina lake tu, mara nyingi, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Mimi niliendelea kukutembelea kila Jumapili kwa lile lile gari. Ulianza kukataa kupanda. Kanisani ulisema utatembea, ni karibu. Kliniki ulisema jirani atakupeleka kwa pikapu yake. Nilikasirika. Siku moja nilikuuliza mbele ya mke wangu, "Mama, unaonea gari haya?" Ukasema hapana, mwanangu, gari ni nzuri, shida ni nyonga. Miaka miwili baadaye ukamfuata dada yako.

Mwezi uliopita tulikusanyika Kanduyi kukukumbuka. Wageni walipoondoka tulibaki watatu jikoni kwako, Nafula anaosha vikombe, Wekesa anavipanguza. Nikawaambia yote. Nikawaambia maneno ya Fundi Abdalla, stesheni wagoni nyeupe, na uso wako siku ile ulipokaa kwenye kiti. Nilitegemea Nafula atanifokea. Aliendelea kuosha kikombe kile kile.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua kutoka wapi?"

"Mama alituambia. Baada ya matanga si mlipeleka gari gereji, ekzosi ilikuwa imevunjika? Ulienda kumnunulia soda. Fundi alimpa pole ya dada yake, wakaongea, akamwambia alikuwa amekuonya."

Wekesa akasema, "Mimi nilitaka kukupigia simu siku hiyo hiyo. Mama akakataa. Alisema tusikuulize. Alisema utamwambia mwenyewe, na akatuomba tumwachie yeye asikie kwanza."

Nilitoka nje nikasimama kando ya kaburi lako. Nilikumbuka Jumapili zile zote, chai ikiwa imekwisha na watoto wamekimbilia kwenye mapera. Ulikuwa unakunja kitambaa chako magotini, unanitazama, unaniuliza, "Una neno, Barasa?" Nami nilidhani unaniuliza kama nina shida kazini. Nilikuwa nakujibu sina neno, niko sawa, kisha naanza kukueleza bei ya petroli. Ulikuwa unasikiliza mpaka mwisho. Jumapili iliyofuata ulikuwa unaniuliza tena.

Kwa miaka miwili ulinifungulia mlango huo, nami nilipita nje yake kila wiki. Na kule Naitiri dada yako aliutazama mlango wake siku mbili kwa sababu yangu. Siombi uniambie si kitu. Ni kitu.

Nilikuwa na neno, Mama. Ndilo hili. Msalimie Mama Mkubwa, na umwambie aliyekuchelewesha ni mimi, haikuwa mvua.

Mwanao wa mwisho,
Barasa