Chuma Gani?

Alhamisi, jioni. Asubuhi mvua ilinyesha, sasa jua limetoka na mtaa wetu wote wa Gerezani unanuka matope na rangi ya mafuta. Mgongo unauma, macho yanawasha, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mnaosoma blogu hii mnanijua: mimi ni fundi wa kuchomelea, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na nina mdomo. Huwa natamba kwamba kazi yangu hairudi. Ndiyo maana sichukui namba za simu za wateja. Namba ya nini, na kazi hairudi?

Wiki hii nimeadabishwa.

Jumatatu alikuja Hamza, mtu wa Lindi, muuza korosho. Miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Ekseli ya nyuma, ile inayobeba kiti chake, ilikuwa imekatika. Aliletwa kwenye guta la mizigo, yeye na baiskeli yake, akiwa ameshika kipande cha shafti ya gari bovu tukiunganishe hapo. Nikapima, nikakata, nikaunga kwa rodi za kawaida, zile tunazochomelea mageti na madirisha. Alikuwa na haraka ya kuwahi pantoni ya kwenda kwake Kigamboni, kwa hiyo nikakimwagia kiungo maji kipoe upesi. Kikalia chwaaa, na mimi nikajiona fundi kweli.

Rodi hizo nilizinunua asubuhi ileile kwa dada Anjela, Mchaga mwenye duka la vifaa Kariakoo. Kila nikienda huniuliza, "Unachomelea chuma gani?" Nami humjibu, "Chuma tu, dada." Kwa Kiswahili chetu geti ni chuma, springi ni chuma, kisu ni chuma, ekseli ni chuma. Nikaona kwa kuwa jina ni moja, basi na rodi ni moja.

Jana mchana nikachukua kile kipande cha shafti kilichobaki nikitengeneze patasi. Nikakiweka kwenye jiwe la grenda. Chuma cha geti hutoa cheche ndefu, zilizonyooka. Hizi zilikuwa fupi na zinapasukapasuka kama fataki za harusi. Nikazima mashine.

Maana ya cheche hizo naijua, nilifundishwa chuoni nikaipuuza. Chuma cha namna hiyo kina kaboni nyingi. Ukikiunga kwa moto kisha ukakimwagia maji, pembeni ya kiungo kinakuwa kigumu kama kioo. Hakipindi kikakupa taarifa, kinakatika ghafla.

Na Hamza anashuka mteremko wa Magogoni kwenda kwenye pantoni kila jioni, na mwisho wa mteremko ule ni maji.

Namba yake sina.

Niliacha karakana wazi nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu mpaka dereva akaniuliza kama naumwa. Kule Magogoni nikasimama nikikagua kila gurudumu linalopita kati ya pikipiki na akina mama wenye ndoo za samaki. Saa kumi na moja nikamwona, yuko chini kabisa kati ya viuno vya watu, anaelekea mteremkoni. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tangu nizaliwe.

"Vipi fundi? Pantoni inaniacha!"

"Usishuke, kaka. Nimekosea."

"Hebu sema tena?"

"Nimekosea kazi yako."

Akawageukia watu. "Jamani, njooni mumwone fundi anayesema amekosea!" Wakacheka sana. Nikapiga magoti, nikafuta grisi kwa shati langu. Pembeni ya kiungo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeshazunguka nusu ya ekseli. Nikamwonyesha kwa kidole. Hamza akaacha kucheka.

Alilala kwa binamu yake Ilala. Baiskeli nikaipakia kwenye guta, nikarudi nayo.

Leo nimefika kwa dada Anjela kabla hajafungua. Kabla hata hajaniuliza, nikamwekea kile kipande mkononi na kumweleza yote, hata habari ya maji. "Na miaka yote hii unaniambia chuma tu," alisema. Akanitolea pakiti mbili za rodi. Za kwanza zina nguvu, lakini kwa unyevu wa Dar lazima uzikaushe kwenye oveni kabla ya kuzitumia, na oveni sina. Za pili ni za jamii ya stenlesi, laini, zinakubali kuvutika pale chuma kigumu kinapozivuta. Nikachukua za pili.

Nilikata kiungo chote cha zamani nikakitupa. Nikapasha ekseli kwenye mkaa mpaka tone la maji likawa linaruka juu yake. Nikaunga polepole, kipande kwa kipande, kisha nikaizika kwenye majivu ya moto na kumkataza kila mtu asiiguse. Ilikaa humo mpaka saa tisa. Tukailaza juu ya matofali mawili, nikapanda mimi na fundi jirani ambaye ana kilo zaidi ya mia. Ikanesa, ikarudi. Hamza, ambaye binamu yake alishamleta, akapaza sauti, "Nipandisheni na mimi, si mimi ndiye nitakayeikalia!" Tukampandisha, kisha nikaifunga kwenye baiskeli, na safari hii tukapeana namba.

Saa kumi na mbili simu yangu iliita. Nyuma ya sauti ya Hamza nilisikia honi ya pantoni.

"Nimevuka, fundi."

Nikakaa kwenye benchi nikalia. Ndiyo, nililia, na fundi jirani aliniona, na kesho atasimulia Gerezani nzima. Asimulie tu.

Halafu nikiwa palepale nikakumbuka springi ya gari la mama mmoja wa Upanga, gari analopelekea watoto wake shule. Niliiunga mwezi uliopita, kwa rodi zilezile. Namba yake pia sina, lakini nyumba naijua. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni kwake, kabla hajawasha gari.