Vijiko Viwili Asubuhi, Viwili Jioni

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Panzi,

Hujambo mama? Sisi huku wazima. Nasema sisi, na humu ndani ni mimi na cherehani tu. Goti la kushoto linanisumbua, lakini cherehani nakanyaga kwa mguu wa kulia, kwa hiyo tusiliongelee.

Barua yako imenitia wasiwasi. Umeandika kurasa tatu za mbio na mstari mmoja wa kikohozi, nami nimeusoma ule mstari mmoja mara kumi. Ungepiga simu ningekisikia kifua chenyewe, ila masikio yangu yameshaharibiwa na mashine za karakana ya ushonaji. Tuendelee na barua zetu.

Kwenye kifurushi kuna sweta na chupa ya dawa yetu. Ni ile ile ya siku zote: asali, ndimu, na vidonge vya mafua nimevisaga humo humo. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Usijifanye bingwa mbele ya kikohozi. Unajua kwa nini nasema hivi.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinifiche, nitamuuliza jirani.

Mama, nimeshinda! Nilitoka vibaya kwenye vibao vya kuanzia mbio, mita thelathini nzima naangalia migongo ya wenzangu, nikajisemea, Panzi, leo umekwisha. Halafu sijui ilikuwaje, sioni mgongo wa mtu. Mita mia, sekunde kumi na nukta tisa! Bingwa wa taifa mara ya tatu, na mwezi wa nane naenda mashindano ya dunia. Mara mbili zilizopita paja lilinisaliti, nikatazama kwenye televisheni na barafu mguuni. Sasa nina miaka ishirini na tisa. Nikikosa safari hii, basi tena.

Kikohozi kimeondoka. Sweta linanibana makwapani. Unadhani bado nina miaka kumi na miwili?

Mwanao, Panzi


Tarehe 2 Juni

Panzi,

U mzima? Nauliza kwa sababu ni zaidi ya wiki kumi hujaandika.

Redio ya karakana ilitaja jina lako jana. Eti mkojo wako umekutwa na dawa iliyokatazwa, eti umefungiwa miaka minne na ubingwa umenyang'anywa. Mashine zote zilinyamaza. Fundi mkataji akacheka, akasema, kumbe ndiyo maana yule binti anapaa! Nilimrushia futi ya kupimia, ikampata sikioni. Msimamizi amenipa onyo la maandishi na sijali.

Nimewaambia wote, mwanangu namjua. Akiwa mdogo alivunja sahani akaja mwenyewe na vipande mkononi. Niandikie, mama. Hata mistari miwili.

Mama yako


Tarehe 11 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii naiandika nikijua siitumi. Nataka tu niyaseme mahali.

Ni dawa yetu, mama. Vile vidonge vya mafua vina kitu ambacho mwanariadha haruhusiwi kuwa nacho mwilini siku ya mashindano. Nilikunywa vijiko vyangu viwili asubuhi ya fainali, kama ulivyoagiza. Kabla ya mbio tunapewa karatasi: andika kila dawa uliyotumia kwa siku saba. Niliandika "hakuna". Naapa sikuwa nadanganya. Wanapouliza dawa, mimi nawaza sindano, maboksi, daktari wa timu. Ya kwako sikuwahi kuihesabu kuwa dawa. Ni ya nyumbani, kama chai.

Wakili anasema aliyeitengeneza akija kueleza mbele ya kamati, adhabu itashuka hadi miezi miwili. Ningewahi mashindano ya dunia. Nimemwambia sijui ilitoka wapi.

Nitakuambiaje? Kaka alipoanza kukohoa ulimpa hivi hivi vijiko, ukidhani ni mafua, kumbe ni nimonia. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka baada ya mazishi ulikaa mwaka mzima hutaki kunishika, ukiniambia mikono yako ni mibaya. Nani atakutoa huko mara ya pili? Nimekasirika, mama, nimekasirika sana na sina wa kumkasirikia.

Panzi


Tarehe 28 Juni

Mwanangu,

Sitaki kuuliza hali, niende moja kwa moja.

Kocha wako amekuja hapa. Amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia mkononi, akauliza kama niliwahi kukutumia kitu cha kunywa. Nikamwonyesha pakiti ya vidonge. Akaisoma nyuma, kisha akaniangalia, akasema nikuulize wewe.

Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Niambie ukweli, Panzi. Uliinywa? Kama ni mimi, napanda basi kesho yake, nasimama mbele ya hiyo kamati, nawaambia ni huyu mama mjinga. Kwenda nitakwenda. Kurudi ndiko sijui nitarudije. Mmoja nilimzika kwa mikono hii, na wewe je?

Nijibu haraka.

Mama


Tarehe 6 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Kula, tafadhali. Kula kwanza ndipo usome.

Si wewe. Chupa yako sikuifungua hata kizibo. Niliiacha kabatini, ikachacha, nikaimwaga. Kikohozi kilipona chenyewe. Kocha anatafuta pa kuniokolea tu, usimsikilize. Hivyo vijiko vyako, mama, havimkimbizi hata kobe!

Nilichomwa sindano. Kuna mtu aliniletea, akaniambia paja halitanisaliti tena, nami nikakubali. Nilijua ni kosa, nikanyoosha mkono. Nilichoka kutazama wenzangu kwenye televisheni. Usije kwenye kamati, huna la kuwaambia. Mbio zimekwisha, nimepata kazi ya kupanga mizigo ghalani.

Nisamehe.

Mwanao, Panzi


Tarehe 1 Agosti

Kwa binti yangu,

Salamu. Barua yako niliipata siku nyingi, mkono ndio ulikataa kuandika.

Siku niliyoisoma nilikula ugali mzima na nikalala hadi jua likawa juu. Nilipoamka nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, si mimi. Nikarudia, si mimi. Nilisikia raha mpaka nikaona haya. Mtoto wangu ameharibikiwa, na mimi mama yake namshukuru Mungu! Ndivyo ilivyokuwa, sitakuficha.

Halafu hasira zikaja. Nimekwenda kwa fundi mkataji kumwomba radhi mbele ya watu. Alikuwa na haki, nami nilimpiga kwa ajili yako. Hakucheka safari hii. Alinivutia kiti, na hilo liliniuma zaidi.

Usije kwa sasa. Naomba na barua usimamishe. Nikiweza kukutazama usoni nitakuandikia mimi, na sijui ni lini. Ungeniambia tangu mwanzo, Panzi, ningekusamehe siku hiyo hiyo. Lakini uliniacha nikitetea uongo kwa watu wazima wenzangu, wewe ambaye nilikuwa nikiapa kwamba hujui kunidanganya.

Goti limepona. Usingizi ninao sasa, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Mama yako