Lengalenga Nyekundu ya Rond-point

Kindu, Kasuku
Tarehe 8 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Hadidja,

Ulikata simu kabla sijamaliza. Nilitaja tu ule mzunguko wa barabara, rond-point, basi. Neno nililotaka kukuambia lilikuwa moja: imeota.

Lakini adabu kwanza. Asalaam aleikum. Habari za Kisangani? Mgongo wako umepoa? Mjukuu wako Amani bado anakula ugali wa watu wawili? Sisi huku tu wazima, na mimi ni zaidi ya mzima. Leo nina miezi miwili na siku tatu za ndoa, na bado kila jioni ninasimama mlangoni kusikiliza pikipiki ya Asumani. Ninaitambua sauti yake kati ya ishirini. Mama mkwe wangu, Mama Salama, ananicheka: "Mounira, shingo itarefuka bure, na bwana ni yuleyule!" Iache irefuke.

Tulikukosa sana harusini. Watu walinong'onezana kwamba Shangazi hakanyagi Kindu tangu vita. Nilipomwuliza baba kwa nini, akaanza kuzungumzia mvua. Unanijua mimi. Mtu akinificha jambo, ndipo ninapoanza kuuliza.

Basi rond-point. Ungeiona mwezi wa tano ungekimbia: pikipiki zimejaa kama siafu, malori, moshi, honi, mtu mzima anavuka huku akiomba dua. Ila mimi siwezi kuichukia, maana ndipo nilipokutana na Asumani. Wenzake walikuwa wananivuta, huyu mkono huu, huyu ule, na mvua inaninyeshea. Yeye akavua kofia yake ya pikipiki akanipa. "Dada, vaa kwanza. Muntu wa kukubeba utachagua." Nikachagua!

Mwezi wa sita wakubwa wa komini waliamua kupafanya bustani. Pikipiki zikahamishiwa nyuma ya soko, magari yakapewa njia nyingine, na Asumani akanuna wiki nzima. Wafanyakazi wakang'oa mawe na saruji, wakaacha udongo wazi. Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo aitwaye Bwana Destin, akachora mahali pa viti, mahali pa miti na mahali pa nyasi. Nyasi zenyewe hazijafika mpaka leo. Ila mvua za mwezi wa nane zilipoanza, upande wa mtoni pakatokea majani ambayo hakuna aliyeyapanda. Lengalenga, Shangazi, mchicha wenyewe! Tena si hii ya kijani ya sokoni. Ni nyekundu, mishipa kama imechorwa kwa wino.

Bwana Destin akaiita magugu, akaamuru ing'olewe. Basi wafanyakazi waling'oa kwa furaha, kila mmoja akaenda kwake na fungu la kupika. Walipokuwa wanakung'uta udongo kwenye mizizi, mbegu zikamwagika. Baada ya wiki mbili ikarudi mara mbili ya kwanza. Bwana Destin anasema hajawahi kuona wafanyakazi wanaopenda kupalilia kama wa Kindu.

Imetoka wapi? Niliuliza kila mtu. Huyu akasema ndege, huyu akasema mafuriko, mmoja akaapa ni jini. Nikachukua shina moja nikampelekea Mama Salama, ambaye miaka yote ya vita alikaa karibu na pale. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama.

"Hii umetoa wapi?"

"Rond-point, mama."

"Hii njo ya Hadidja! Mbegu alitoa kule Lokandu, akafunga kwenye pembe ya kikwembe alichovaa. Angalia mishipa yake, nyekundu kama macho ya Hadidja akikasirika!"

Akanieleza yote. Mwaka 2002 mji ulipofungwa na vita, watu hawakuthubutu kwenda mashambani. Mafuta ya magari yaliisha, rond-point ikawa tupu, na wewe ukashika jembe ukailima. Walikucheka: "Mukulima wa barabara!" Halafu hao hao wakaja na sahani. Mama Salama alikuja. Baba alikuja, kwa ajili ya mtoto wake wa mwaka mmoja. Shangazi, mtoto huyo ni mimi! Nimekula shamba lako, na miaka yote hii sikuwa ninajua.

Kisha ile asubuhi ya lori la askari. Mama Salama anasema liligeuka juu ya matuta yako mara tatu, nawe ulisimama na jembe mkononi, ukasema maneno mawili tu: "Nimelimia matairi." Hukupita tena pale. Maneno hayo ninayajua tangu utoto! Baba akifanya kazi ikaharibika, husema hivyo hivyo. Nilidhani ni utani wa nyumba yetu.

Asumani, aliyetukuta hapo, alisikiliza, akakuna kichwa. "Mama, siku ile lengalenga ilikuwa imekomaa?"

"Ilikuwa na mbegu tele."

"Basi matairi njo yalipanda! Yalikandamiza mbegu ndani ya matope, watu wa barabara wakaja kumwaga mawe juu, mbegu ikangoja. Mounira, mwambie Shangazi asitukasirikie tena sisi wantu wa matairi."

Nilimbusu mbele ya mama yake. Utanisamehe.

Lakini inawezekana kweli? Mbegu inaweza kungoja miaka ishirini na mitatu gizani? Uliiwekea nini? Hata Bwana Destin sasa ana hamu ya kujua. Anasema nyasi zake zinafika mwezi wa kwanza na zitafunika kila kitu, labda aje mwenyewe aliyeipanda, amwonyeshe jinsi ya kuizuia isile bustani nzima. Akija, upande ule utabaki wa lengalenga. Sitaki shamba lako lifunikwe mara ya pili, nawe hujaliona.

Ndani ya bahasha kuna jani moja. Litazame mishipa kwanza, ukasirike baadaye.

Baba, ndugu yako Abedi, anakusalimu. Safari hii hakuzungumzia mvua. Alilishika lile shina kwa mikono miwili. Mama Salama anasema sahani yake anayo bado. Asumani anakupigia honi. Msalimie Amani na jirani yako Émilienne. Mungu akulinde, na huo mgongo aupoze vizuri, maana jembe linakungoja.

Usinipigie simu, utakata tena. Ile kofia niliyovaa siku ya mvua imepasuka, na Asumani ameijaza udongo akapanda mche mmoja wa lengalenga yako ndani. Tutashuka na boti mpaka Ubundu, kisha kwa barabara mpaka Kisangani, kofia nitaipakata mimi njia yote, na mwezi huu hautaisha kabla hujatufungulia mlango.

Mtoto uliyemlisha bila yeye kujua, anayekupenda mno,
Mounira wa Asumani