Walifika Saa Nane Mchana

Mjini, 2 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Huku sisi hatujambo. Wewe je, na kile kifua chako? Kama bado kinabana usiniambie kwa simu ya upepo, maana bonde zima litajua kabla yangu. Niandikie kwa karatasi kama watu wenye adabu.

Barua hii anakuletea shemeji yako mwenyewe. Ofisini tumeanzisha safari mpya na tumeipa jina refu kuliko njia: Siku Nane za Mabonde na Miji ya Kale. Wageni watapanda hadi kibanda cha wasafiri unachokilinda, wavuke Shingoni katikati ya vile vilele viwili, walale kibanda cha pili, kisha washuke mji wa kale kuangalia milango ya kuchonga na kuta za ngome. Wa kwanza ni mzee mmoja na mkewe, na shemeji yako ndiye kiongozi wao. Mzee alikuwa mwalimu wa historia miaka thelathini na mbili, amewafundisha watoto habari za mji ule bila kuuona hata siku moja. Alivyonieleza pale mezani kwangu, nilitamani nimsindikize mimi.

Jambo moja halijanikaa vizuri. Mkubwa wangu alitaka wageni wapate siku mbili mji wa kale, kwa hiyo imebidi nikate ile siku ya kupumzika kwako. Mume wangu amenuna tangu juzi. Anasema watu wa umri ule wasipopumzika juu, kichwa kitawauma na miguu haitawatii. Nimemwambia ratiba imeshachapwa. Akaniambia, "Mlima haujui kusoma." Unamjua akishaanza.

Mwangalie, tafadhali. Akikwambia goti lake limepona, usimwamini.

Ni mimi mdogo wako


Kibandani, 6 Juni

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi. Kifua kimetulia. Kinachonisumbua sasa ni paa, linavuja juu ya kitanda changu tu, vitanda vya wageni havina tone. Hata mvua ina ubaguzi.

Mumeo alifika jana jioni salama, yeye na miguu yake na njaa yake. Huyo wanamwita Mwendapole, lakini mbele ya sufuria sijaona mwenye mbio kama yeye. Nikamtania kwamba tulikuoza kwake tukidhani anakula kidogo. Akacheka mpaka akapaliwa. Goti anasema limepona. Nimemwona akishuka ngazi kinyumenyume, basi jibu unalo.

Mke wa mwalimu aliamka kichwa kinamuuma na anatapika. Mumeo akaamua hapo hapo kwamba asivuke. Mwenye punda anamshusha leo, atamzungusha kwa gari hadi mji wa kale, wakutane huko kesho jioni. Barua hii namkabidhi huyo mwenye punda, kwa hiyo itachelewa kidogo kukufikia. Mumeo na mwalimu wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu amebeba daftari shingoni kwa kamba, kila jiwe anaandika.

Nimeshawajaza kwenye kitabu cha wapita njia, vibanda vyote viwili kama kawaida: wameondoka kwangu saa kumi na mbili, wamefika kibanda cha pili saa nane mchana. Unajua kule hakuna mlinzi tangu mwaka juzi, na nikiacha mstari wazi ofisi ya njia inanipigia kelele na kuzuia kundi linalofuata. Kwa hiyo nawafikisha mwenyewe asubuhi, kisha nafunga kitabu. Miaka miwili sijakosea hata mara moja, isipokuwa kwa dakika.

Mawingu yanajikusanya upande wa Shingoni, lakini watakuwa wamevuka.

Kaka yako


Mjini, 20 Juni

Kaka,

Sina salamu za kukupa, lakini mama alitufundisha kwamba hata msibani watu husalimiana. Hujambo?

Hukuja kuzika. Uliniambia kwa simu ya upepo kwamba kibanda hakina wa kukiachia, nikakubali, maana siku ile ningekubali chochote. Sasa kumetulia, watu wamerudi makwao, na mimi nimebaki na viatu vyake mlangoni. Nimelia mpaka nimechoka kulia.

Nakuandikia kwa sababu ya kamati ya ajali. Walikaa Jumatatu. Wanasema hivi: kitabu chako kinaonyesha mume wangu na mwalimu walifika kibanda cha pili saa nane mchana tarehe sita. Mke wa mwalimu alipowasubiri bila kuwaona, tarehe nane asubuhi alikuuliza kwa simu ya upepo, ukamjibu kwamba walifika. Kwa hiyo waokoaji walitafuta kati ya kibanda cha pili na mji wa kale, mtoni na magengeni, siku mbili nzima. Tarehe kumi wakawapata huku upande wako, chini ya Shingoni, mwendo wa saa mbili kutoka kwako. Mwalimu alikuwa amevunjika mguu, amefunikwa koti la mume wangu na begi lake la kulalia. Mume wangu alikuwa na shati na sweta, na lile goti lake limeteguka, hawezi kukanyaga.

Daktari anasema mwalimu alikufa siku ya kwanza. Mume wangu alikufa tarehe tisa. Kaka, tarehe nane alikuwa hai.

Lakini kamati haiangalii hilo. Wanauliza, kama walishafika kibanda cha pili, walirudi juu kutafuta nini? Wameandika kwamba kiongozi alimrudisha mzee kwenye dhoruba, pengine kufuata mzigo uliosahaulika. Wameandika uzembe. Miaka kumi na tisa ya kupandisha watu na kuwashusha wazima, na neno la mwisho juu yake ni uzembe. Viongozi wenzake wananipita barabarani wakiangalia chini. Mke wa mwalimu aliniona sokoni akageuza njia.

Kikao cha mwisho ni tarehe 12 Julai, baada ya hapo faili linafungwa. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuwaona. Niandikie unachokijua, nikawasomee. Sitaki afufuke. Nataka tu jina lake wamwachie.

Mdogo wako


Kibandani, 1 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya na subira. Mimi niko hapa, nazeeka. Paa nimeliziba kwa bati. Kundi moja lilipita wiki jana, watu wa makamo, wakali sana kuhusu chai. Mwenye punda amepata punda mwingine, jike, mkorofi, anang'ata mikoba.

Kuhusu lile uliloniuliza, sina la kuongeza. Kitabu kinasema walifika. Mimi si niko huku, ningeona vipi ya upande wa pili? Milimani mtu hufanya mambo ambayo aliye chini hawezi kuyaelewa. Labda mwalimu alisahau daftari lake. Labda dhoruba iliwapoteza. Mumeo alikuwa mtu mwema, sisi tunajua, na Mungu anajua. Kamati ni nani?

Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe ni kijana bado, angalia afya yako, ule. Ukichimba sana jambo hili utaumia bure.

Nakutumia jibini kidogo, ya maziwa ya mbuzi.

Kaka yako akupendaye


Mjini, 4 Julai

Kaka,

Hujambo. Jibini nimempa jirani.

Barua yako ya tarehe sita Juni niliipata siku ya maziko. Mwenye punda aliniwekea mkononi watu wakinipa pole, nikaitia kwenye droo pamoja na karatasi za rambirambi, bila kuifungua. Nimeifungua jana, baada ya kusoma hii uliyoniandikia juzi. Nilitaka kusikia sauti yako ya zamani, ile ya utani.

Nimeisoma mara tatu. "Nawafikisha mwenyewe asubuhi, kisha nafunga kitabu."

Basi unajua. Ulijua tarehe nane, mke wa mwalimu alipokuuliza. Ulijua nilipokuwa nazika. Ulijua juzi, ukaniandikia habari za punda.

Mimi yangu nimeshayasema. Nilikwenda kwa kamati nikawaambia kwamba siku ya kupumzika niliikata mimi, kwa kalamu yangu, ingawa mume wangu alinionya. Mkubwa wangu hanisemeshi tangu hapo na dawati langu wameshampa mwingine. Sijafa. Nakwambia hivi ujue kwamba mtu hafi.

Ningeweza kuwapelekea barua yako ya Juni na mambo yakaisha. Lakini wewe ndiye uliyenilea. Wazazi walipoondoka ulikuwa na miaka kumi na sita, watu wa ukoo wakataka kutugawa, ukawaambia mimi sigawanywi. Ulinipikia ugali mbichi mwaka mzima nikala bila kulalamika, maana ulikuwa umeupika wewe. Siwezi kukushitaki kwa mkono wangu kabla sijakupa nafasi ya kusema kwa mdomo wako.

Shuka. Tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi, jumba la ofisi ya njia, ghorofa ya kwanza. Nitakuwekea kiti.

Mdogo wako


Kibandani, 9 Julai

Mdogo wangu,

Sikusalimu maana sina uso.

Ni kweli. Niliandika kabla hawajafika. Walinzi wote wa vibanda tunafanya hivyo, ukimwuliza yeyote atakana, lakini tunafanya. Kalamu inaganda jioni, mtu umechoka, kibanda cha pili ni kitupu, na ofisi inataka mstari uliojaa. Nilianza kwa kundi moja lililochelewa, nikaona hakuna aliyeuliza. Baadaye ikawa ndiyo kazi yenyewe. Hata hizo saa nilikuwa nazibadilisha kidogo, leo saa nane, kesho nane na nusu, zisifanane.

Mke wa mwalimu aliponiuliza tarehe nane, nilikuwa na kitabu mbele yangu. Nilikifungua, nikasoma mwandiko wangu, nikamjibu. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka nani aliandika. Ningeweza kumpigia tena hapo hapo. Nikaona nitaulizwa ya miaka miwili. Nikajiambia mumeo ni mjanja wa mlima, atatokea. Mpaka saa sita nilikuwa najiambia hivyo, na baada ya saa sita niliona nimeshachelewa mno kusema. Hakuna aliyemrudisha mwalimu juu. Hawakufika kibanda cha pili kabisa. Mumeo hakufanya kosa lolote ila kukaa na mgonjwa wake. Hiyo ndiyo haki yake na naiandika hapa kwa akili zangu timamu, ukiitaka.

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako.

Tarehe sita, saa kumi alasiri, nilikuwa juu ya paa napigilia misumari. Nilisikia filimbi upande wa Shingoni. Dhoruba ilikuwa imeanza, upepo unakuja na kuondoka. Unajua filimbi ya hatari hupigwa mara sita, kisha kimya, kisha sita tena. Nilihesabu tano. Nikateremka, nikaingia ndani, nikamimina chai. Nikajiuliza ni nani, maana njia nzima siku ile walikuwa wao wawili tu, na wao walishafika saa nane. Mdogo wangu, nilikisadiki kile kitabu. Niliandika mimi asubuhi na jioni nikakisadiki. Nikasema ni wachunga mbuzi. Ikalia tena nikiwa mezani. Safari hii sikuhesabu.

Kesho yake dhoruba ilivuma kutwa. Sikusikia kitu, au sikutaka.

Nitashuka. Tarehe kumi na mbili nitakuwa hapo, nitasema yote. Mwenye punda anakuletea hii, mimi nitamfuata nyuma kwa miguu.

Kaka yako


Mjini, 13 Julai

Kaka,

Hujambo?

Nilikuwekea kiti. Mtu alitaka kukikalia nikamwambia kina mwenyewe. Mpaka saa tano nilikuwa nageuka kila mlango unapofunguliwa. Mwenye punda aliniambia ulimfuata hadi darajani, ukasimama hapo, ukasema umesahau kufunga kibanda. Alikungoja kidogo akaondoka.

Mwenyekiti alipotaka kufunga faili, nilisimama. Niliwasomea karatasi yako ya kwanza yote, na mstari wako wa Juni. Karani akanisaidia kusoma sehemu ya mwisho. Wamefuta lile neno. Wameandika kwamba kiongozi alibaki na mgeni wake hadi mwisho, akampa nguo zake. Viongozi wenzake walikuwa wamejaa pale nyuma, wakasimama wote, na mmoja wao akaanza kulia kwa sauti. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa chini tu.

Ndipo mke wa mwalimu akaomba kuniuliza swali. Alikuja mpaka mbele yangu, amevaa sweta la mumewe, akanishika mkono. Akasema, "Mama, wewe unaijua kazi hii. Huwa wana filimbi. Ina maana walipiga na hapakuwa na mtu wa kuwasikia?"

Karatasi yako ya pili ilikuwa kwenye mkoba, juu ya mapaja yangu. Watu wote walikuwa wakiningoja.

Nikamwambia, "Hapakuwa na mtu, mama."

Akashukuru. Akasema basi atajaribu kulala.

Siku ya Alhamisi watu wawili wa ofisi watapanda kuchukua kitabu, na wewe utashuka nao. Wafungulie. Wachemshie chai. Ukiulizwa yaliyomo karatasi ya kwanza, jibu kweli. Ya pili hawaijui na hawatakuuliza. Mimi ndiye ninayeijua, nalala nayo na kuamka nayo, na kila nikikutana na mama yule itabidi niseme tena nililosema jana.

Usiniandikie kwa sasa. Nikiweza kukusoma tena, nitakuambia.

Mdogo wako